Baba mkwe anataka nimpandishe Kilimanjaro, nami sina mdomo wa kumwambia "Tushuke"

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nimeoa, tuna watoto wawili na tunaishi Dar es Salaam. Nimekulia Morogoro mjini, Uluguru naiona kila nikifungua mlango, na labda ndiyo maana hadi leo wenzangu wakienda ufukweni mwisho wa wiki, mimi naenda mlimani. Tuna kundi letu la WhatsApp la wapanda milima wasio na makuu. Tumeshapanda Lupanga, Bondwa, Hanang na Meru. Kuna mwaka tulikwenda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Nilifika Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, kichwa kinagonga, natapika kila baada ya hatua chache, kiongozi wa msafara akanimulika usoni na tochi akasema imetosha. Nikageuza. Wenzangu walifika kilele chenyewe, Uhuru, na picha zao hawajaacha kuzirusha kwenye kundi kila zikitimiza mwaka.

Sasa shida yangu. Baba mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu wa historia. Mwaka huu ametimiza miaka 60 na kiinua mgongo kimetoka. Ni mtu mwema sana kwangu, lakini ni mtu wa heshima zake. Akizungumza watu wote mezani wanaweka vijiko chini. Tangu nimeoa sijawahi kumpinga neno, hata lile la kunyoa ndevu.

Siku ya Pasaka tukiwa wote nyumbani kwake akatangaza: "Nimewafundisha watoto miaka yote kwamba Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge Kilimanjaro usiku wa Uhuru 1961. Mlima wenyewe sijaukanyaga. Desemba hii mwanangu huyu atanipeleka, tarehe 9 tuwe kileleni. Gharama zake na zangu ziko juu yangu." Watu wakapiga makofi. Mama mkwe hakupiga.

Mzee hajawahi kupanda mlima wowote. Anasema amezaliwa chini ya Rungwe kwa hiyo milima anaijua, lakini nilipomdadisi kwa adabu nikagundua Rungwe amekuwa akiiangalia tu. Alipokuja kututembelea mwezi wa sita tulipitia Morogoro kuwasalimia wazazi wangu, nikamwomba asubuhi moja tutembee hadi Morningside, ile nyumba kuukuu ya Wajerumani, si mbali na wala si mlima wa kutisha. Alitangulia mbele kwa kasi kama anawahi mstarini. Maji alikataa, akasema ya kazi gani na jua halijawaka. Tulipopita mashamba ya mboga, penye kona, nikamkuta ameketi juu ya jiwe, mkono mmoja kifuani, midomo imepauka. Nikamuuliza, Baba kuna tatizo? Akasema, "Nafunga kamba ya kiatu." Mshauri, viatu alivyovaa havina kamba.

Sikusema kitu. Nikasimama pembeni nikijifanya napiga picha mji wa Morogoro mpaka akainuka mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mama mkwe akanipigia simu, sauti ya chini. "Baba yenu anakunywa dawa za presha huu mwaka wa tatu. Ila nisikusikie umesema, nitakukana." Nilimweleza mke wangu, kumbe anajua. Nikamwambia basi zungumza na baba yako. Akasema, "Baba hakatazwi. Wewe nenda naye, ukiona hali mbaya mrudishe." Shemeji yangu mkubwa naye amenitumia ujumbe mfupi tu: "Umempeleka mzima, mrudishe mzima."

Nimeshaongea na kampuni moja ya Moshi, wanataka malipo ya awali mwisho wa mwezi huu. Mzee amechagua safari ya siku tano badala ya sita kwa sababu ni nafuu. Mimi kusema ukweli nautaka sana huu mlima, safari hii lazima nifike Uhuru, na kwa mshahara wangu sijui nitapata lini nafasi nyingine. Lakini nikifikiria usiku ule wa mwisho, baridi, giza, na mzee amekaa kwenye jiwe ananiambia anafunga kamba ya kiatu, nakosa usingizi. Nitamwambiaje baba mkwe wangu "Rudi"? Nikikataa kwenda nitaonekana sina shukrani. Nikisema habari ya presha nitakuwa nimemsaliti mama. Nikinyamaza nikaenda, na likitokea la kutokea, nitaitazamaje familia ile?

Na la mwisho, dogo: amepanga kupanda na viatu vyake vya ngozi alivyokuwa akivaa kwenye sherehe za shule. Hivyo navyo nitavisemaje?

Mkwe, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, hasa pale pa kamba. Niliporudia kicheko kikaniisha. Mambo ya mlima humu nimeyauliza kwa mtu anayeongoza misafara njia ya Marangu, na ya presha nimemuuliza daktari. Yaliyobaki ni yangu, na unapoyasoma ujue mimi mwenyewe ni mama mkwe wa watu.

Nikikuelewa, mlima wenyewe haukutishi sana. Unaujua, na umewahi kuukubali ulipokushinda, jambo ambalo wengi hawaliwezi. Kinachokunyima usingizi ni kwamba mtu anayepanda kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumwambia punguza mwendo, kunywa maji, kaa, kula hata kama huna hamu, na ikibidi shuka. Na huyu unayetakiwa kumwambia hayo ndiye uliyepeleka posa kwake. Mama mkwe amekupa siri inayokufunga mdomo, mkeo amekukabidhi baba yake kama mzigo wa basi, shemeji amekuandikia risiti. Kila mtu katika ukoo huo anajua, na wote wamekubaliana kwamba atakayesema ni wewe, mgeni wao.

Hapo ndipo ningependa tuanzie, maana kuna mambo kadhaa umeyachukua kama yalivyo na pengine hayako hivyo.

La kwanza ni hilo la kwamba wewe ndiye unayempeleka. Kwa utaratibu wa hifadhi, Kilimanjaro hapandi mtu bila kiongozi mwenye leseni, na majina yenu yanaandikwa langoni chini yake. Wewe mlimani utakuwa mpandaji kama mzee. Mwenye neno la mwisho ni mtu mwingine kabisa, mtu asiyejua nani ni mkwe wa nani, aliyekwisha kuwageuza mabosi, majenerali na wazungu waliolipa maelfu ya dola. Alikugeuza na wewe. Sijui kama mzee anaijua sehemu hii. Kwenye tangazo lake la Pasaka alikutaja wewe tu, na huenda kichwani mwake anaona msafara wa watu wawili, mkwe mbele na fimbo, yeye nyuma na historia yake.

La pili litakuuma kidogo. Umeandika kwamba safari hii lazima ufike Uhuru. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Unayo haki ya kuutaka mlima, sikulaumu hata chembe. Lakini kiinua mgongo cha mzee ndicho kinachokulipia, na usiku ule wa mwisho mzee akisema amechoka, utakuwa na matakwa mawili kifuani. Ni vizuri ujue sasa, ukiwa Dar umekaa kitini, ni lipi litakaloshinda. Misafara huwa na msaidizi wa kiongozi, na mpandaji akizidiwa msaidizi humshusha huku wengine wakiendelea. Je, wewe utaendelea? Ukiendelea, familia itakuelewa? Ukishuka naye, utamsamehe? Swali hili mjibu mkeo kabla hujalipa hata shilingi, na umjibu ukweli.

La tatu limenishangaza mimi mwenyewe nilipoelezwa. Barua yako nzima inamhofia mzee kwa sababu ni mgeni wa milima. Lakini kati yenu wawili, mwenye historia ya kuumwa na mwinuko, yaani na hewa nyepesi ya juu, ni wewe. Mtu aliyewahi kuumwa juu huko ana uwezekano mkubwa wa kuumwa tena akipanda kwa mwendo uleule, na nguvu za miguu hazimkingi. Kijana wa mazoezi anaweza kutapika Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, huku mstaafu anayeenda taratibu akinywa uji. Umejiandaa kwa hilo? Kwamba mzee anafika Gilman's na wewe umeshashuka unamsubiri kambi ya chini, Horombo? Ukiweza kulicheka wazo hilo, nadhani uko tayari zaidi kuliko unavyofikiri.

Sasa mlima. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara kwenye mita 2,700 hivi, Horombo kama 3,700, Kibo kama 4,700. Yaani kila mnapolala mmeongeza mita 1,000 juu ya mlipolala jana. Madaktari wanaoshughulika na mwinuko wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne upate siku ya kupumzika. Safari ya siku tano inaupuuza ushauri huo waziwazi. Ile ya siku sita inakupa siku moja zaidi Horombo: mnapanda kidogo hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks, mnarudi kulala palepale, mwili unapata nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Haimalizi tatizo, ila inalipunguza. Ziko njia ndefu zaidi, Lemosho kwa mfano watu wengi huenda siku saba au nane, lakini huko ni kulala kwenye hema, na mgongo wa miaka 60 nao una maoni yake.

Kwa hiyo katika yote uliyoyaandika, la siku tano ndilo ningelishughulikia mapema. Na hili ni rahisi kulisema bila kumvunjia mzee heshima, kwa sababu unaweza kujisemea wewe mwenyewe. "Baba, mimi mlima huu ulinishinda mara ya kwanza. Naomba twende siku sita kwa ajili yangu." Hakuna uongo humo hata neno moja.

Presha. Daktari aliniambia wapo wengi wenye presha iliyotulia kwa dawa wanaopanda milima mirefu salama. Lakini presha huwa inapanda katika siku za mwanzo mwinukoni, na baridi inaongezea. Baadhi ya dawa zake humwongezea mtu mkojo, na mlimani ukikaukiwa maji ni tatizo. Nyingine huuzuia moyo usiende mbio hata pale unapotakiwa kwenda mbio. Kwa hiyo swali la kama mzee anaweza kupanda haliwezi kujibiwa na mimi, wala na wewe, wala na mama mkwe kwenye simu. Linajibiwa na daktari anayejua ni dawa gani anatumia, na aliyeambiwa wazi kwamba mgonjwa wake anakwenda karibu mita 5,900, mahali ambapo hewa ina kama nusu ya oksijeni mnayoivuta Dar es Salaam. Na ule mkono kifuani pale Uluguru lazima daktari ausikie, maana kifua ni habari nyingine tofauti na presha. Hili sitalizungukazunguka: hilo la kifua lipimwe hata kama mlima wenyewe utafutwa.

Utafikaje huko bila kumsaliti mama? Njia moja ni kutokumtaja mzee kabisa. Makampuni mengi yana fomu ya afya ya kujaza. Sema, "Baba, twende wote tukapime kabla ya kulipa, mimi, wewe na yeyote anayekwenda." Wewe utangulie kuingia chumba cha daktari. Mwalimu mkuu anaelewa utaratibu unaomhusu kila mtu. Hatari yake ni kwamba anaweza kuijaza fomu kishujaa, akaiacha presha nje, au akatafuta cheti kwa daktari rafiki yake. Njia nyingine ni mkeo. Najua amekwambia baba hakatazwi. Lakini kuna tofauti kati ya kumkataza baba na kumwambia, "Baba, najua unakunywa dawa, na naogopa." Hilo la pili binti analiweza kuliko mkwe, na wababa wengi hulisikia kuliko wanavyoonyesha. Hatari yake ni kwamba mama ataulizwa siri imetokaje. Pengine ni mama mwenyewe aambiwe kwamba alichokukabidhi ni kizito kwako, na kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kukifungua. Alikupigia simu kwa sababu anaogopa. Mtu anayetaka siri ibaki siri hapigi simu.

Nije kwenye adabu. Sisi wakwe tunawaona mnavyotuogopa, na si kila siku tunafurahia. Mzee angeweza kumlipa mtu yeyote ampeleke, hata kuna misafara ya Watanzania inayopanda kila Desemba kwa ajili ya Uhuru, angejiunga akapata na shati la bure. Amekutaka wewe. Sijui kwa nini, na sidhani umemuuliza. Umedhani anataka picha kwenye ule ubao wa kileleni. Pengine ndivyo. Pengine anataka kuona mlima tu aliousimulia ubaoni miaka yote, na Horombo ingemtosha kama kuna mtu angempa ruhusa ya kuona panatosha. Mkae siku moja wawili, bila makofi ya Pasaka, umuulize: "Baba, safari hii ikienda vizuri kabisa, inakuwaje?" Halafu unyamaze. Majibu yake yatakupa mwanga kuliko yangu.

Mkiwa hapo, kuna habari anayoijua ambayo inaweza kukusaidia. Hans Meyer, yule Mjerumani anayetajwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro, hakufika mara ya kwanza. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika, vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani kule pwani ilimkamatia njiani. Mwaka 1889 yeye na mpanda milima mwenzake, Purtscheller, walifika ukingo wa kreta tarehe 3 Oktoba, kilele wakakiona, wakashuka kwa sababu muda na nguvu vilikuwa vimekwisha. Wakapumzika, wakapanda tena, tarehe 6 wakafika. Mwalimu wa historia ukimwomba akusimulie kisa hicho atakusimulia vizuri kuliko mimi, na atakuwa ametamka kwa mdomo wake kwamba mtu anaweza kugeuza hatua chache kabla ya kilele na bado akabaki kwenye vitabu. Usimalizie wewe. Muache amalizie mwenyewe, au asimalizie.

Kuhusu kwenda au kutokwenda, naziona njia kadhaa na hakuna isiyo na mwiba.

Mnaweza kuanza na mlima mdogo, na hapo mimi nawaza Rungwe, au kwanza mlima Ngozi palipo na ziwa la kreta, kisha Rungwe kama mambo ni mazuri. Huko yeye ndiye mwenyeji na wewe ni mgeni wake. Unamwomba akupeleke kwao. Akiwa mwenyeji atakuwa na sababu ya kwenda pole pole ili mgeni asichoke, na wewe utaona mwendo wake halisi, anakunywa maji au hanywi, akichoka anasema au anafunga kamba. Ila usiidharau Rungwe. Ni karibu mita 2,960, msitu wake ni mzito na unyevu hauishi, na huchukua siku nzima. Mtafute kijana wa pale anayeijua njia, na mwende kabla ya mvua za Novemba. Na kwa sababu ya ule mkono kifuani, hata hii isitangulie daktari. Hatari nyingine ni kwamba akiimaliza vizuri atajiona amehitimu, na Rungwe haitakwambia chochote kuhusu mita 4,700.

Mnaweza kwenda Kilimanjaro kama alivyotangaza, baada ya daktari, kwa siku sita, na masharti yawekwe nyumbani badala ya kuwekwa gizani. Kampuni impigie mzee simu moja kwa moja, kiongozi mwenyewe aongee naye, amweleze kwamba akisema "shuka" ni shuka, kwa wote wawili. Kiongozi huyo aambiwe habari ya presha, na mzee akubali aambiwe. Bila hilo mimi ningekuwa na wasiwasi mkubwa. Niliyemuuliza anasema jioni zote huwauliza wageni wake mmoja mmoja, mbele ya wengine: kichwa, tumbo, usingizi, hamu ya kula. Kuna pia kakifaa ka kubana kidole kanakosoma oksijeni ya damu. Hakasemi kila kitu, lakini kanampa kiongozi namba ya kuonyesha, na namba haina ukwe. Wewe omba uulizwe wa kwanza. Kama kichwa kinauma, sema kinauma. Mzee akiona mkwe wake anasema "Leo sijala vizuri, naona kichefuchefu" na hakuna aliyemcheka, naye huenda akapata njia ya kusema bila kutafuta kamba.

Ujue pia mpaka ulipo. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ni mambo ya mlima, mtu anasubiri hapohapo hadi apate nafuu ndipo apande. Lakini mtu akihema huku amekaa, akikohoa makohozi yenye povu, akiyumba akitembea mstari ulionyooka, au akianza kujibu hovyo, hakuna kusubiri kupambazuke wala kumwomba kiongozi ampe nusu saa. Anashushwa saa ileile. Njia ya Marangu wana machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo. Na kuna vidonge ambavyo watu humeza kuzuia ugonjwa wa mwinuko, Diamox wengi wanavijua; mtu mwenye dawa nyingine asivinunue kwa kusikia, avitaje kwa daktari siku ileile ya kupima.

Hatari kubwa ya njia hii umeiandika mwenyewe. Mzee anayeumwa na kusema si wa kutisha sana. Anayeumwa na kuficha ndiye wa kutisha, na masharti ya nyumbani yanaweza kuyeyuka usiku wa manane mkitoka Kibo kwenye baridi ya kugandisha maji ndani ya chupa.

Njia ya tatu ni kupanda nusu. Mnaweza kwenda Mandara kwa siku moja, mfike kwenye kreta ya Maundi, mrudi, au mlale Horombo na mshuke bila kuigusa Kibo. Ni safari nzuri na hatari yake ni ndogo zaidi. Ila ukiitoa wewe kama pendekezo, mtu aliyetangaza kilele mbele ya ukoo anaweza kuisikia kama tusi. Ikitoka kinywani mwake, au kwa daktari, itakuwa na uzito mwingine.

Na unaweza kusema hapana. Umeandika kwamba utaonekana huna shukrani, lakini ungeweza kumwambia, "Baba, nakuheshimu kiasi kwamba sitaweza kukuamuru, na mlimani lazima kuwe na anayeamuru. Naomba nisiwe mimi." Ataudhika, labda kwa miezi. Lakini fikiria pia kwamba mzee mwenye fedha mkononi na tarehe kichwani anaweza kwenda bila wewe, na asiwepo hata mmoja katika msafara anayejua habari ya vile vidonge. Sikwambii hivi ili kukusukuma uende. Nakwambia kwa sababu "hapana" yako haitaifuta safari, itaibadilisha tu.

Shemeji yako mjibu. Mwandikie: "Tunapima afya Jumamosi, tunapanda Desemba. Karibu, nafasi ipo." Mtoto wa kumzaa ana mdomo ambao wewe huna, na kama anataka mzee arudi mzima, mahali pazuri pa kuhakikisha ni palepale. Akikataa, basi ule ujumbe wake usiubebe. Hakuna mkwe anayeweza kutoa dhamana ya mapafu ya mtu mwingine.

Malipo ya awali yana tarehe, daktari hana. Waulize watu wa Moshi kwa maandishi kama fedha inarudi au tarehe inaweza kusogezwa iwapo majibu ya hospitali hayatakuwa mazuri. Desemba mwanzoni vuli inaweza kuwa haijaisha, huku chini msituni matope na juu theluji, kwa hiyo kusogeza hadi Januari au Februari si hasara. Tarehe 9 mzee anaweza kuiadhimisha Tukuyu kama miaka yote.

Viatu visiseme kwa maneno. Nunua jozi mbili za viatu vya mlimani vya aina moja, yako na yake, na soksi nzito za kutosha, umpelekee kama zawadi ya kustaafu. Chukua saizi kubwa kidogo kuliko anayovaa kawaida, maana kwenye kushuka vidole husukumwa mbele na kucha hupotea. Avivae nyumbani, kanisani, sokoni, mpaka vimzoee, miezi miwili kabla. Akikuuliza kwa nini umemnunulia viatu wakati anavyo, mwambie hivi vina kamba.